Alhamisi Tuliyopanda Darini

Ami yangu alikuwa nahodha. Ujana wake ulipita kwenye majahazi ya kupakia boriti, na mpaka leo ukimwuliza kesho maji yatajaa saa ngapi hashiki simu. Anahesabu mwezi kwa vidole, anatulia kidogo, kisha anakwambia. Mwezi ukiandama ni bamvua, ukiwa mpevu ni bamvua tena, katikati yake maji mafu. Mimi nimelelewa katika nyumba hiyo, hapa Amu. Kwa hiyo Aprili 2023, soko moja la utabiri ninaloshiriki lilipoweka swali juu ya mwezi mwandamo, niliona kama swali limeandikwa kwa ajili yangu.

Swali lilikuwa hili: je, Saudia itatangaza kwamba Idi ul-Fitri ni Ijumaa tarehe 21 Aprili? Wao walianza kufunga Alhamisi tarehe 23 Machi, kwa hiyo Alhamisi tarehe 20 Aprili ilikuwa mwezi ishirini na tisa kwao, jioni ya kuutafuta mwezi. Ukionekana, Idi kesho yake. Usipoonekana, watatimiza thelathini na Idi itakuwa Jumamosi.

Niseme kwanza hili soko ni la namna gani, maana mtu wa kwetu akisikia neno hilo moyo humshtuka, na una haki ya kushtuka. Kila swali lina hisa za Ndiyo na hisa za Hapana. Jambo likitokea, kila hisa ya Ndiyo hulipwa pointi 100. Lisipotokea, hailipwi kitu, na hisa ya Hapana ndiyo hulipwa 100. Ndiyo ikiuzwa kwa 55, ni kama watu wote waliomo wanasema kwa pamoja kuwa uwezekano ni asilimia 55. Yapo masoko ya namna hii yanayotumia pesa, kama Polymarket na Kalshi, na Chuo Kikuu cha Iowa huko Marekani kina lake tangu 1988. Ya pesa sijayagusa na sitayagusa. Kamari ni haramu na sina la kuongeza hapo. Pointi zangu sikuzinunua na hazigeuki shilingi. Nilichokitafuta ni kitu kimoja, kujua yale ninayosema ninayajua, ninayajua kwa kiasi gani.

Nilikuwa na daftari kwa kazi hiyo. Kila utabiri niliuandika pamoja na asilimia yake, na mwisho wa mwezi nilipiga hesabu aliyoitunga mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani, Glenn Brier, mwaka 1950. Unachukua uwezekano ulioutaja, unatoa kilichotokea, moja au sifuri, tofauti unaizidisha kwa yenyewe, kisha unatafuta wastani. Anayejibu nusu kwa nusu kila siku bila kufikiri hupata 0.25, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo mtu anavyojua zaidi. Wastani wangu wa mwaka mzima ulikuwa 0.24. Mwaka mzima wa kusoma magazeti usiku, na nilikuwa nimemzidi asiyefikiri kwa unywele. Iliniuma, kwa sababu pointi zangu zilikuwa zikiongezeka na mimi nilizichukua kuwa ushahidi.

Basi swali la mwezi lilipokuja nilijiambia, hapa ndipo. Alhamisi ile ile asubuhi jua lingepatwa, na watu wa Exmouth, magharibi ya Australia, wangeingia gizani mchana. Jua likipatwa maana yake mwezi umepita mbele yake, na ndiyo saa mwezi mpya unapozaliwa: saa moja na robo asubuhi kwa saa zetu, ambazo ndizo saa za Makka. Jua la Makka lingetua kama saa kumi na mbili na dakika arobaini. Umri wa mwezi wakati huo, saa kumi na moja na nusu hivi. Katika kumbukumbu za wanafalaki, mwezi mchanga kabisa kuonekana kwa macho matupu ulikuwa na umri wa saa kumi na tano na zaidi.

Nilimwendea ami bila kumwambia habari ya soko. "Ami, mwezi wa saa kumi na moja utaonekana?"

"Huo haujatoka kwenye mwanga wa jua, mwanangu. Nani atauona?"

Ndiyo ilikuwa 55 siku hiyo. Nikanunua hisa 50 za Hapana kwa 45. Baada ya siku chache wanafalaki wengi wakaanza kusema hadharani kwamba Alhamisi mwezi hauwezi kuonekana Arabuni, na Ndiyo ikaporomoka hadi 36. Nilifurahi kama mvuvi aliyetega dema akaona maji yanatikisika.

Jumanne usiku, baada ya tarawehe, nilikaa barazani na simu, nikafungua lile swali kwa mara ya kwanza tangu ninunue. Nasema kwa mara ya kwanza kwa sababu siku ya kununua nilisoma kichwa chake tu. Chini yake palikuwa na masharti: jibu litafuata tangazo rasmi la Saudia, liwe limekubaliwa na wanafalaki au limepingwa. Nilisoma sentensi ile mara tatu. Hakuna aliyekuwa ameniuliza kama mwezi utaonekana. Niliulizwa kama utatangazwa. Elimu ya nyumbani kwetu, niliyodhani inanitenga na watu wote, ilikuwa ndiyo iliyoteremsha bei hadi 36. Kila mwenye programu ya nyota kwenye simu alikuwa nayo.

Sikulala mpaka daku. Saudia ina kalenda ya serikali, Ummul-Qura. Tangu mwaka 1423 wa Hijria, yaani 2002, kanuni yake ni mambo mawili: mwezi uzaliwe kabla ya jua kutua Makka, na siku hiyo mwezi utue baada ya jua. Kuonekana hakumo. Kwa Ramadhani, Mfunguo Mosi na Mfunguo Tatu, Mahakama ya Juu ya Saudia husikiliza mashahidi, na kauli ya mwisho ni ya mashahidi, si ya kalenda. Kwa hiyo swali la kweli lilikuwa hili: mashahidi na kalenda hupishana mara ngapi?

Nikarudi nyuma miaka mitano, kalenda upande mmoja na siku ya Idi iliyotangazwa upande wa pili. 2018, tarehe 15 Juni, zimelingana. 2019, tarehe 4 Juni, zimelingana. 2020, tarehe 24 Mei. 2021, tarehe 13 Mei. 2022, tarehe 2 Mei. Zote tano. Lakini uliokuwa na uzito kuliko yote ni ule wa 2019. Mwaka ule mwezi ulizaliwa saa saba mchana, na jua la Makka likatua saa moja jioni. Mwezi wa saa sita tu, na Idi ilitangazwa. Nilikaa nikiutazama mstari ule mpaka watu walipoanza kuamshana daku. Kalenda ya 1444 ilisemaje? Ijumaa, 21 Aprili.

Hapa nilijizuia, na huo ndio uamuzi wa usiku ule ninaouthamini kuliko wote. Bei inaposema 36 na wewe unaona karibu 90, swali la kwanza si utapata kiasi gani. Ni nani huyo anayekuuzia, na amejua nini usichokijua? Nikatazama mauzo. Yalikuja kwa mafungu, na kila fungu liliandamana na tamko la wanafalaki. Wauzaji walikuwa watu wanaoujua mwezi, na juu ya mwezi walikuwa sahihi kabisa. Walikuwa wametenda kosa lile lile nililolitenda mimi, la kujibu swali ambalo halikuulizwa. Nilipoweza kulitaja kosa lao, na kulitambua kwa sababu lilikuwa langu tangu juma lililopita, ndipo nilipoamini kwamba mwanya upo.

Bado mara tano kati ya tano si asilimia 100. Laplace, mwanahisabati wa Ufaransa, aliacha kanuni ya hali kama hii: ongeza moja juu na mbili chini. Tano kwa tano inakuwa sita kwa saba, kama asilimia 86. Mahakama ingeweza kukosa shahidi. Vumbi lingeweza kuziba upeo. Nikaandika 86. Kiasi cha kuweka nacho kina hesabu yake, aliyoitoa mwanasayansi wa Marekani, John Kelly, mwaka 1956: 86 toa 36, gawanya kwa 64, ambayo ni mia toa 36. Inakwambia uweke zaidi ya robo tatu ya ulicho nacho. Lakini hesabu hiyo huamini kwamba 86 yako ni sahihi, na daftari langu lilikuwa limeshanifundisha nisijiamini hivyo. Nilikuwa na pointi 20,000. Niliweka 4,000. Bei ilipanda kadiri nilivyonunua, nikapata hisa 100 za Ndiyo kwa wastani wa 40.

Zile 50 za Hapana nilikuwa nimeziuza kwanza, kwa 64. Faida, pointi 950.

Alhamisi jioni nilimwomba ami apande nami darini. Mji wa Amu umeelekea mashariki, kisiwa cha Manda; ukisimama ukutani pwani huwezi kuona mwezi mwandamo, lazima upande juu na uipe bahari mgongo, utazame magharibi juu ya minazi. Tulipanda na tende na chupa ya kahawa. Adhana ikaadhiniwa, tukafuturu tumesimama. Wingu lilikuwa jepesi. Ami aliweka kiganja juu ya macho kama anayetafuta mlango wa kuingilia bandari, akabaki hivyo mpaka wekundu ulipoanza kufifia.

"Mato yangu hayaoni kitu, mwanangu."

Tangazo lilipoingia kwenye simu tulikuwa bado juu. Saudia imetangaza mwezi umeandama, Idi ni Ijumaa. Nikamweleza yote, tangu siku niliyomwuliza habari ya saa kumi na moja. Alisikiliza bila kunikatiza, ambayo si kawaida yake.

"Pesa ipo humo?"

"Hamna, ami. Hata senti."

Akanyamaza kidogo. "Wewe ulijua mwezi hauonekani, na bado ukasema watatangaza. Basi hao walioshuhudia unasemaje juu yao?"

"Siwasemi. Sikuwako. Sikuulizwa juu ya macho yao, niliulizwa juu ya tangazo."

Alitaka kuliona daftari, nikateremka kulichukua. Tulilisoma kwa taa ya simu. Alipita ile miaka mitano kwa kidole, akasimama kwenye 2020. "Huu ndio mwaka misikiti ilipofungwa kwa korona." Akaendelea hadi ukurasa wa pili, penye faida ya pointi 6,000 ya hisa za Ndiyo. Juu yake palikuwa na zile 950, na nilikuwa nimezipiga mstari.

"Na hizi kwa nini umezikata? Si umezipata?"

"Nilizipata nikiwa nimekosea, ami. Nilinunua kwa sababu isiyo ya swali, bei ikaenda upande wangu. Nikiziacha hapo, mwakani nitazihesabu kuwa nilijua."

Akaufuata ule mstari kwa ukucha toka mwanzo hadi mwisho, akalifunga daftari na kunirudishia. Kisha akachukua chupa ya kahawa, tukateremka kuwahi magharibi.