Ekzosi ya kelele kwenye Boxer
Wadau, ekzosi ya wazi kwenye pikipiki ya Boxer 150 inaongeza mlio, nguvu sijaiona. Mlimani na abiria inavuta vilevile, tena injini ikizunguka polepole nguvu imepungua kidogo. Fundi kafungua plagi, nyeupe! Hewa imezidi mafuta, injini inachemka. Tukaweka jeti (kitundu cha kupitisha mafuta) kubwa zaidi kwenye kabureta, ikatulia, ila sasa inakunywa kama ng'ombe.

Na vile vidude vya kurekebisha mafuta? Ni vya pikipiki za injekta, vinabadilisha hesabu za kompyuta inayopima mafuta. Kabureta haina kompyuta, utakibandika wapi?

Faida ya kweli ni wepesi, ekzosi ya kiwandani ni chuma kizito. Abiria wangu wa alfajiri sasa ananisubiri barabarani, hataki nimwamshie mtoto.