Maneno umeyafunikia kawa

Leo Jumatano, siku ya nne, na bado nalisikia. Napiga mswaki, nalisikia. Nimekaa kwenye bajaji natoka Chumbageni, hapa Tanga, dereva ameweka kaswida, na mimi nalisikia lile lile.

Binti ya mjomba ameolewa, alhamdulillahi, pilau lilitosha na mvua ikatusubiri mpaka watu wakatawanyika. Jaribio la mashine za umeme nimelifanya Jumatatu na sitaki kuulizwa. Kilichobaki cha wiki nzima ni maneno sita ya Bi Mkubwa, yule mwimbaji, aliyoniambia saa nane za usiku pale Ngamiani huku nakunja waya.

Nakunja waya za maiki kwa vitanzi, kimoja wazi, kinachofuata nageuza kiganja, kwa sababu ukizungusha kwenye kiwiko kama kamba ya kisima utaukata ndani kabla ya mwezi. Nimeinama. Naona miguu kwanza, kandambili nyeusi na hina mpya. Nikainuka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ni wewe uliyekuwa kwenye mitambo?"

"Ndiyo, bibi."

"Sauti umenifungulia vizuri. Maneno umeyafunikia kawa."

"Ahsante, bibi."

Ahsante! Ndivyo nilivyojibu, na meno nje, maana nilisikia "vizuri" nikasimama hapo hapo. Akanitazama kidogo, akatabasamu, akamwambia kijana wake amtafutie bajaji. Nilishamaliza waya mbili nyingine ndipo ile nusu ya pili ikanifika.

Tangu hapo naipindua. Angesema "umeyafunga" ningeelewa ni lawama, nikaumia, nikalala. Angesema "umeyafunika" tu, ningefikiri kifuniko cha sufuria, chakula bado kinachemka. Yeye kasema kawa, kile kifuniko cha kusukwa. Kawa hulifunikii jungu lililo motoni. Unalifunikia sinia lililokwisha pakuliwa, wali umewekwa, mchuzi umewekwa, wageni wamenawa, kilichobaki ni mtu kunyoosha mkono na kulifunua. Kwa hiyo alikuwa ananiambia nini? Kwamba yeye kazi yake alikwisha maliza na mimi ndiye niliyesimama kati ya sinia na wageni. Au pengine ni mtu mzima aliyechoka, kasema neno la kwanza lililomjia. Mama mdogo anasema ni hilo la pili. Mama mdogo hajamsikia alivyolitamka.

Na kosa nalijua lilipo. Kulikuwa na ubeti, beti zile za mishororo mitatu, mizani nane kwa nane, na mshororo wa kwanza unakwenda:

Moyo wangu si kibanda, cha kupangwa na kuhamwa

Kwenye taarabu watu hawaji kutunza sauti, wanakuja kutunza neno. Mama mmoja wa meza ya mbele alishainuka, noti ameikunja mara mbili kwenye vidole, anasubiri neno limfikie. Halikumfika. Akasimama kidogo, akamgeukia mwenzake, akakaa. Baadaye nikamuuliza shangazi ule wimbo ulisemaje, akaniambia, "Si ule wa kibanda cha kupambwa? Wa maharusi." Cha kupambwa! Kisu chote cha mshororo kiko kwenye "kupangwa", moyo uliogeuzwa chumba cha kodi, na mimi nimewageuzia kisu hicho maua ya plastiki na vitambaa vya jukwaani.

Mnaokumbuka mixa yetu, ule mtambo wa kuchanganya sauti, ile ya chaneli kumi na mbili yenye ya saba iliyokufa tangu Ramadhani, kila chaneli ya maiki ina kitufe kidogo chenye mstari uliopinda kama mgongo wa kilima. Kinakata sauti zote zilizo chini ya takriban Hz 100, yaani mitetemo mia kwa sekunde. Kwenye maiki ya mwimbaji kinatakiwa kiwe kimebonyezwa muda wote, maana huko chini mwimbaji hana neno lolote. Kuna vishindo vya jukwaa, upepo wa pumzi, na besi ya gitaa inayoingia kwa mlango wa nyuma. Nilikisahau. Juu ya hapo Bi Mkubwa anashika maiki vidole viwili kutoka mdomoni, kama walivyozoea wakongwe wote, na maiki ya kawaida ya kuimbia ukiisogelea hivyo inaongeza besi yenyewe bila kuombwa. Sabufa zetu mbili za inchi 18 nikaziweka kwenye kona kwa sababu ndiko kulikokuwa na soketi. Kona inaikuza besi, kila fundi anajua, na mimi najua.

Halafu nikamwongezea mwangwi. Sekunde mbili na nusu. Hapa sina cha kujitetea, niliona raha tu, sauti yake ilikuwa inaelea kama imesimama juu ya maji. Lakini ukumbi wenyewe ni bati juu, saruji chini, hakuna hata pazia, na ukuta wa nyuma uko kama mita 17 kutoka jukwaani. Kwa joto letu sauti inakwenda karibu mita 350 kwa sekunde, kwa hiyo ikigonga ule ukuta na kurudi ni mita 34, sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ukumbi tayari una mwangwi wake wa bure. Nikamwekea na wa kununua juu yake, silabi ikawa inaikanyaga nyenzake kabla haijatoka mlangoni.

Nguvu ya sauti ya mtu iko kwenye irabu, huko chini, ndiyo maana ukiongeza besi unadhani umemsaidia. Maana iko kwenye konsonanti, na hizo ni nyepesi na ziko juu. Simu za zamani za waya zilipitisha Hz 300 mpaka 3,400 tu, na watu wamechumbiana, wameapizana na kuuza mashamba ndani ya huo mfereji mwembamba bila kukosa neno. Tofauti ya "pangwa" na "pambwa" ni ndogo sana, iko humo humo kati ya Hz 1,000 na 3,000. Ukiweka tope la besi chini yake na mwangwi juu yake, sikio linachagua lile neno linalolitarajia. Kwenye harusi linatarajia mapambo.

Na waliokaa mbele walikuwa wazee. Sikio likizeeka hupoteza kwanza sauti za juu, zile s na f na t. Vijana nyuma walifurahi, vifua vinatetema. Mbele walikuwa wanamtazama mdomo.

Basi Jumapili nikaenda kwa Bibi yangu nikidhani nitapumzika, nikakuta luninga imeharibika. Yaani picha inakatika vipande vya mraba, inaganda, inarudi, na tamthilia yake ya Kituruki imefika pale ambapo mama mkwe keshaipata barua. Bibi hana muda na maelezo. Nikafungua ukurasa wa mawimbi kwenye king'amuzi: nguvu asilimia 80, ubora 30 na unarukaruka. Nguvu ipo, ubora hakuna. Nikasema haya, hata king'amuzi nacho kinanisema.

Hapa kwetu karibu na bahari ukiona hivyo usikimbilie kugeuza dishi. Anza na kile kichwa cha skrubu kinachoingia kwenye elienbii, kile kipokezi kilicho mbele ya dishi, kule juu. Hewa ya chumvi inaingia, shaba inaota kijani. Nilichomoa king'amuzi kwenye umeme kwanza, maana ule waya unapeleka umeme juu na ukigusanisha shaba ya kati na wavu wa nje unaweza kuua king'amuzi chenyewe. Nikakata waya vidole viwili mpaka nikakuta shaba nyekundu, nikaumenya, nikafunga kichwa kipya cha bei ya andazi, shaba ya kati ikichungulia milimita mbili hivi, nikahakikisha hakuna hata unywele mmoja wa wavu unaoigusa. Juu nikaviringisha mpira wa baiskeli. Tanga hukosi mpira wa baiskeli. Ubora ukapanda mpaka 70 na ukatulia. Mama mkwe akaisoma barua.

Nikakaa naye kutazama kipande kilichobaki. Sauti aliipandisha mpaka mwisho na bado ananiuliza, "Kasemaje?" Wanaoingiza Kiswahili kwenye zile tamthilia wana kazi ngumu kuliko tunavyowapa sifa, mdomo wa Mturuki ukifungwa na wao wamalize, hata kama kitenzi chetu kina silabi saba. Kwa hiyo wanakimbia. Na chini yao muziki wa majonzi unavuma. Nikaingia kwenye mpangilio wa sauti wa luninga, nikakuta umewekwa "muziki". Nikaweka "hotuba". Nikapunguza sauti mpaka nusu. Bibi hakuniuliza tena, na wala hakunishukuru, alikuwa anasikiliza.

Kitabu ninachokisoma sasa ni Wasifu wa Siti binti Saad, wa Shaaban Robert, mtu wetu wa Vibambani. Nimekiazima maktaba, Alhamisi kinatakiwa kirudi, na kwa mwendo wangu wa kurasa nne kabla usingizi haujanibeba nitalipa faini. Sikukichagua kwa ajili ya haya, nilikichukua mwezi uliopita kwa sababu kilikuwa chembamba. Lakini Jumapili ile usiku, kwa Bibi, nikafika sehemu za santuri, nikaweka kitabu chini nikatafuta kwenye simu mojawapo ya zile sahani zake. Siti, yule mwimbaji wa taarabu wa Unguja, alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Sahani moja ilizunguka mara 78 kwa dakika, upande mmoja dakika tatu na ushei, ukimaliza umemaliza, hakuna kupunguza wala kuongeza baadaye. Besi karibu hakuna. Inakwaruza kama mtu anakaanga dagaa chumba cha pili.

Na kila neno nalisikia. Kwa spika ya simu yenye skrini iliyopasuka, kutoka miaka karibu mia nyuma, namsikia anapouma herufi. Nikaanza kucheka peke yangu gizani, Bibi akauliza nini, nikamwambia hakuna kitu, Siti huyu. Akasema, "Ongeza kidogo." Tukausikiliza mara tatu. Bibi akaanza kuitikia kwenye kibwagizo, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ndogo, imenyooka.

Nikatoa kompyuta na ile flashi ya Jumamosi, maana huwa narekodi kila maiki kwa njia yake. Nikachukua njia ya Bi Mkubwa peke yake. Nikakata vyote vilivyo chini ya Hz 120. Pale kati ya 250 na 400, ndipo sauti inapokuwa kama mtu anaongea ndani ya mtungi, nikashusha desibeli nne. Kwenye 3,000 nikapandisha tatu tu, ukizidisha inachoma. Mwangwi nikaushusha hadi sekunde moja, na nikauchelewesha milisekunde 40 ili neno litoke kwanza ndipo mwangwi ulifuate. Nikabonyeza.

"Cha kupangwa."

Ng yake imepigwa kama msumari, na baada yake kapumzika kidogo, kapumziko ambako sikukajua kabisa usiku ule, anawaachia watu nafasi waje. Aliweka mpaka muda wa noti kufika jukwaani, nami nikaujaza huo muda kwa mwangwi. Nilirudia pale labda mara ishirini. Sikuwa na uchungu tena, nilikuwa na njaa ya kulisikia.

Bibi amesema nimpelekee Bi Mkubwa. Nimuwekee kwenye flashi, niende na sukari kilo mbili, nimwambie nimefunua. Mimi naona haya. Harusi ijayo tarehe 14 hatujajua kama ni yeye atakayeimba, lakini sabufa zitakaa katikati mbele ya jukwaa hata nikilazimika kuvuta waya wa umeme mita 30, na kabla ya watu kuingia nitamwomba mtu asome ubeti kwenye maiki nami nikasimame ukuta wa nyuma. Sitasimama kwenye mixa. Kwenye mixa maneno nayajua tayari.

Jambo jingine. Ule mnazi wa uani kwa Bibi, ulio karibu na choo, makuti mawili mapya yamefunguka yakiwa yamekatwa pande zote mbili sawasawa, kama mtu kachukua mkasi akakata pembetatu kwenye karatasi iliyokunjwa. Ni chonga, yule mdudu anayetoboa minazi. Nimeangalia kwa tochi ya simu, kuna tundu karibu na kilele, na unga wa nyuzi unatoka. Anatolewa kwa waya wenye ndoano, lakini anayepanda minazi mtaa ule amehamia Pangani, na nyuma ya ukuta kwa jirani kuna gogo la mnazi limelala linaoza tangu mwaka juzi, na ndimo wanamozaliana. Sijui nimwambieje jirani. Kuti linalofuata bado limefumba.