Kufa si tatizo, tatizo ni kurudi

Wapo ambao wakisikia gemu ni gumu ndipo wanalitaka, na wapo wanaolikimbia. Mimi ugumu wenyewe nimeacha kuugombania. Siku hizi naangalia jambo moja tu: nikifa, napoteza nini?

Chukua Super Meat Boy, la mwaka 2010. Gemu la kinyama kwelikweli. Unaongoza kipande cha nyama kinachorukaruka katikati ya misumeno ya mviringo, na levo nyingi zinaisha kwa sekunde chache, ukizijua. Usipozijua unakufa, tena hovyo. Ila ukifa, kabla hujamaliza kusonya umesharudi mwanzo, na muziki haujakatika. Hasira inakosa pa kukaa. Halafu siku ukivuka, linakuonyesha majaribio yako yote kwa mpigo: kundi zima la vinyama linachomoka mbio, vingine vinapasukia kwenye msumeno wa kwanza, vingine vinateleza ukutani, wanapungua, wanapungua, mpaka kinafika kimoja. Hapo huwa nacheka peke yangu kama mwehu. Kushindwa kwangu kote kumegeuzwa sinema.

Sasa njoo Dark Souls, 2011. Nalipenda, msinielewe vibaya. Lakini baadhi ya mabosi, yaani wale maadui wakubwa, wako mbali na moto unaofufukia. Unashuka ngazi zilezile, unawakwepa maadui walewale, unafika, unachinjwa papo hapo. Mara ya kwanza njia ile ina utamu wake, maana kila kona ina hofu. Baada ya hapo ni nauli tu. Na yule Bed of Chaos ndiye kero kupita wote: sakafu inabomoka chini ya miguu yako, unatumbukia shimoni, kwisha habari. Hujapigwa kwa uzembe wako, umedondoshwa. Nashuku hata watengenezaji walijua, kwa sababu ukishavunja kinga yake ya upande mmoja, ukifa na kurudi unaikuta bado imevunjika.

Kampuni hiyohiyo, FromSoftware, ilipotoa Elden Ring mwaka 2022 iliweka visanamu karibu na mabosi wengi, ukifa unafufukia hapohapo. Je, mabosi walilegea? Wapi! Malenia, mmoja wao, anajiponya kila upanga wake unapokugusa, hata ukiuzuia kwa ngao. Kilichopungua ni matembezi.

Jambo la pili ni kujua umekufa kwa sababu gani. Kwenye Sekiro, la 2019, masikio yanakufundisha kuliko macho: ukikinga pigo kwa wakati wake chuma kinalia kikali na cheche zinaruka, ukiwahi mno au ukishikilia tu kitufe, mlio unakuja mzito, umepooza. Kwa hiyo hata nikipigwa naondoka na kitu. Kuna usiku nilicheza kwa kusikiliza tu, bosi hakuanguka, na nilienda kulala nimeridhika.

Wale wanaodai kwamba asiyeteseka hajacheza, mimi siwaelewi. Celeste (2018) linakuruhusu kupunguza kasi ya mchezo mpaka nusu. Hades (2020) lina hali ambayo ukiiwasha unapunguziwa maumivu kwa asilimia 20, na kila ukifa inaongezeka asilimia 2, mpaka 80. Yaani kifo chenyewe kinakulipa. Anayecheza hivyo amemnyima nani raha? Vidole havilingani, na wengine tunashika padi baada ya kazi, macho yameshachoka.

Halafu kuna Getting Over It, la 2017, linaloniharibia hoja zangu zote. Mtu ndani ya chungu, nyundo mkononi, anapanda mlima. Ukiteleza vibaya unaporomoka mpaka chini kabisa, na mtengenezaji wake, Bennett Foddy, anaanza kukuliwaza kwa sauti ya upole inayozidi kukupandisha presha. Hakuna mahali pa kufufukia, na unachopoteza ni kila kitu. Kwa kipimo changu mwenyewe nilipaswa kulichukia. Na nalichukia kweli, ila kulifuta ndiyo sijalifuta.