Ruta Nyuma ya Pazia

Juni 2017 niliitwa Iringa kufundisha. Yalikuwa mafunzo ya siku tano ya mitandao ya kompyuta na usalama wake, na waliokuja walikuwa mafundi wa vyuo, hospitali na halmashauri za Nyanda za Juu Kusini, watu thelathini na wawili. Wakufunzi tulikuwa watatu. Wenzangu wawili walishika seva na ruta, kile kifaa kinachounganisha mtandao mmoja na mwingine, usalama nikaachiwa mimi.

Nilipanda basi Ubungo alfajiri, boksi la swichi, kifaa cha kuunganisha kompyuta za darasa kwa waya, nimelipakata kwa sababu sikutaka liende kwenye buti chini ya magunia ya watu. Mikumi dereva alipunguza mwendo, abiria wakasimama kutazama twiga. Ruaha Mbuyuni vitunguu vikaletwa hadi madirishani. Kitonga basi lilipanda taratibu, injini ikiunguruma, na mimi nimelikumbatia boksi langu kila tulipokata kona. Niliposhuka Ipogolo jua lilikuwa linazama na baridi imeshaanza kuuma. Iringa iko juu, mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na Juni ndiyo yenyewe. Usiku ule nililala na sweta.

Watu walikuja na hofu mpya. Tarehe 12 Mei, mwezi mmoja tu nyuma, kirusi cha WannaCry kilikuwa kimezunguka dunia kikifunga mafaili ya watu na kudai malipo ili yafunguliwe. Uingereza hospitali zilifika mahali pa kuwarudisha wagonjwa. Kiliingia kupitia kasoro ya Windows kwenye huduma ya kugawana mafaili, na kilichoniuma zaidi ni kwamba Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka chake tangu Machi. Miezi miwili nzima dawa ilikuwepo.

Nilipolieleza hilo asubuhi ya Jumatatu, mzee mmoja wa meza ya nyuma alinyoosha mkono. Alikuwa fundi wa hospitali, umri wa baba yangu, koti zito, miwani imefungwa uzi.

"Mwalimu, kwetu kompyuta ziko arobaini. Kila moja ikijisasisha yenyewe, bando la mwezi linakwisha kwa siku mbili. Ndiyo maana tumezima. Tufanyeje?"

Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa wiki ile. Tulikaa nalo karibu nusu saa: kupakua viraka mara moja kwenye seva moja na kuvigawa ndani kwa ndani, kufunga mlango namba 445, ule unaotumiwa na huduma ya kugawana mafaili, kati ya idara na idara, kuhakikisha mashine ya maabara haina sababu ya kuongea na ya uhasibu. Mzee aliandika yote kwenye daftari la mistari.

Mchana wake ndipo nilipofanya jambo ambalo hadi leo linanikaa moyoni.

Nilitaka waone kwa macho yao kwamba tovuti isiyotumia HTTPS, njia inayoficha mawasiliano kwa kuyasimba, inapitisha kila kitu wazi. Niliiagiza swichi inakili pakiti zote za darasani, yaani vipande vya data vinavyopita, na kuniletea, nikafungua Wireshark, programu ya kuzisoma, nikairusha kwenye projekta. Mistari ikaanza kushuka. Hazikupita dakika mbili, mtu mmoja ukumbini akaingia kwenye mfumo wa ofisi yake, nao ulikuwa wa HTTP tupu. Nikausimamisha ule mstari. Nikakuza herufi. Jina la mtumiaji na neno la siri vikasimama ukutani, kila herufi ukubwa wa kiganja.

Ukumbi ulicheka, na wengine wakapiga makofi. Jina lile lilikuwa la binti wa meza ya tatu. Nilimwona akitoa vidole kwenye kibodi kimoja kimoja, halafu akashusha kifuniko cha kompyuta yake polepole hadi kikafunga. Hakuinua kichwa. Mimi nikaendelea na somo, nikiridhika kwamba limeeleweka, maana kila mtu alikuwa anaandika.

Jumanne ilipita bila neno.

Jumatano, baada ya chai ya saa nne, mtandao ukaanguka. Mkono mmoja ulinyooshwa, kisha mitano, kisha meza nzima. Cha ajabu, haukuwaangukia wote. Wale ambao hawakuzima kompyuta zao wakati wa chai walikuwa wanaperuzi kama kawaida. Nikainama kwenye mashine ya mtu wa karibu, nikatazama anwani yake: 192.168.0.104. Anwani zetu za darasani zilianza na 10.20.

Mtu asiyejua DHCP, utaratibu wa kuzigawia kompyuta anwani za mtandao, aifikirie hivi. Kompyuta ikiwashwa ni kama mgeni aliyeshuka stendi usiku, anaita kwa sauti, "Nani atanionyesha pa kulala?" Kwa kawaida humfuata wa kwanza kuitika. Haombi kitambulisho. Seva yetu ilikuwa mwenyeji halali, lakini mle ukumbini alishaingia mwingine anayeitika upesi kuliko yeye, na waliomfuata walifikishwa mahali pasipo na njia ya kutokea.

"Kuna mtu amechomeka kitu?" niliuliza.

Kimya. Nikarudia, safari hii kwa sauti ya juu. Watu thelathini na wawili wakatazama meza.

Basi nikafuata nyayo. Niliita 192.168.0.1, anwani ya huyo mwenyeji mgeni, ikaitika. Nikasoma anwani yake ya kiwandani, ile ambayo kila kifaa huzaliwa nayo, nikaingia kwenye swichi na kuuliza anwani hiyo inaonekana tundu la ngapi. Tundu la 19. Nikaushika waya wa tundu lile kwa mkono, nikaufuata chini ya meza, ukingoni mwa zulia, hadi ukutani nyuma, na nikavuta pazia.

Ilikuwa imekaa juu ya kizingiti cha dirisha. Ruta ndogo nyeupe ya antena mbili, vumbi limejaa kwenye matundu ya hewa, na mgongoni imebandikwa plasta, ile ya kufungia vidonda, imeandikwa kwa kalamu ya bluu: WODI 2. Ruta za aina ile zina matundu manne ya manjano na moja la bluu. La bluu ndilo linalopokea kutoka nje. Ya manjano yanahudumia waliomo ndani. Waya wetu ulikuwa kwenye manjano. Ungekuwa kwenye bluu, ruta ile isingemgawia anwani mtu yeyote wa upande wetu. Lakini kwa kuwa ulikuwa kwenye manjano, iliuona ukumbi mzima kama nyumba yake ikaanza kuwahudumia watu, kazi iliyotengenezewa.

Mzee wa miwani ya uzi alikuwa hatua mbili kutoka pale, amenipa mgongo. Hakugeuka.

Nikachomoa waya. Nikasema tatizo limeonekana, zimeni muwashe upya, tukaendelea.

Wakati wa chakula alinifuata na sahani yake, akaketi mbele yangu.

"Mwalimu, ile ni yangu."

"Najua, mzee. Niliona plasta."

"Inasumbua kule wodini, inakatakata. Nilikuja nayo nikuonyeshe. Nikasema kwanza niijaribu watu wakiwa kwenye chai, nisije nikakupotezea muda na kitu kibovu."

"Nimeuliza mara mbili, mzee wangu. Mbona hukusema?"

Alichanganya maharage na wali muda mrefu bila kuyapeleka mdomoni.

"Jumatatu nilimwona yule binti," akasema.

Hakuongeza neno, wala hakukuwa na la kuongeza. Mimi ndiye niliyewafundisha, siku ya kwanza tu, kwamba mwenye kosa hupandishwa ukutani achekwe. Halafu Jumatano nasimama mbele yao nataka mtu ajitaje.

Binti nilimkuta nje, ameegemea ukuta wa upande wa jua, kama watu wa Iringa wafanyavyo mwezi wa sita. Nilimwambia nilimkosea, na kwamba sikuwa na haki ya kulionyesha lile neno, hata kama lilipita mbele ya macho yangu. Alinisikiliza. Kisha akaniambia usiku wa Jumatatu hakulala. Neno lile lilikuwa kwenye sehemu tano, pamoja na barua pepe yake, na alikuwa amekesha akibadili moja moja kwa simu. Nne alizimaliza. Ya ofisini aliiacha.

"Maana hata nikibadili," alisema, "si nalo jipya litapita wazi vilevile?"

Hakuna aliyelielewa somo langu kuliko yeye, na kumbe nilikuwa nimemfundisha kwa fimbo. Tulimpigia mwenzake wa ofisini, akambadilishia akiwa kwenye seva yenyewe.

Asubuhi ya Alhamisi niliomba radhi mbele ya darasa, kwa kuwa kosa nilikuwa nimelifanya mbele ya darasa. Kisha nikamwomba mzee, kama tulivyokubaliana jana yake, aje na ruta yake. Akaichomeka tena kwenye manjano, kwa makusudi. Kompyuta zikazimwa na kuwashwa, mtandao ukaanguka. Safari hii nilikaa kimya, wakatafuta wenyewe: anwani, tundu, waya. Meza ya kwanza kufika pazia ilichukua dakika kumi na moja.

Halafu tukawasha ulinzi wa DHCP ndani ya swichi. Unaiambia swichi kwamba ni tundu moja tu, lile la seva yetu, lenye ruhusa ya kugawa anwani. Ofa ya anwani inayotokea tundu jingine lolote inatupwa. Mzee akachomeka mara ya tatu. Hakuna kilichotikisika. Akasogea kwenye skrini ya swichi, akapandisha miwani, akasoma kwa sauti mstari unaosema kwamba ofa ya tundu la 19 imekataliwa. Alipomaliza aligeuka akatutazama wote, uso umefunguka.

Ruta yenyewe tuliihamishia kwenye bluu. Neno la siri lilikuwa bado la kiwandani, tukalibadili. Niliwasimulia kirusi cha Mirai cha 2016, ambacho kiliteka kamera na ruta kwa maelfu kwa kujaribu tu orodha ya jozi kama sitini hivi za majina na maneno ya siri ambayo wenye vifaa hawakuwahi kuyagusa.

Mtu wa meza ya pili akasema, bila kuulizwa, kwamba kamera za chuo chao ziko hivyo hivyo. Mwingine akasema anaingia kwenye swichi zake kwa Telnet, njia isiyoficha neno la siri, hadi leo. Wa tatu, wa halmashauri moja, akasimama kabisa: anahifadhi nakala za data kila Ijumaa kwa miaka mitatu, na hajawahi hata siku moja kujaribu kuzirejesha aone kama zinafunguka. Hakuna aliyecheka. Mchana nilikuwa nimepanga kufundisha usimbaji, sikuufungua. Tuliandika ubaoni kila kilichotajwa, tukakishughulikia, hadi baridi ya jioni ikatufungisha madirisha. Binti wa meza ya tatu alichukua cheti cha bure cha HTTPS kutoka Let's Encrypt, akakifunga kwenye seva ya majaribio, na akawaandikia wenzake hatua zote, ambazo naye angezifuata kwenye ule mfumo wa ofisini akirudi.

Ijumaa tuligawa vyeti, tukapiga picha, watu wakawahi mabasi.

Mwezi wa nane, saa kumi na moja alfajiri, simu yangu iliita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Samahani kwa kukuamsha. Mtandao wa hospitali umelala, na aliyeulaza ni mimi. Jana jioni niligusa swichi."

Nilikaa kitandani, nikawasha taa, nikatafuta kalamu.

"Tundu la ngapi, mzee?"