Kabla hujasema "ni kichaa tu"

Kila yakitokea mauaji ya bunduki Marekani mi najua kabisa kesho yake itakuwaje, yaani maiti hazijatambuliwa bado lakini kuna wa kusema tatizo ni bunduki na kuna wa kusema bunduki haina kosa, kosa ni la vichaa, basi wiki nzima wanavutana hapo hapo mpaka ije habari nyingine. Mi niko huku huku Marekani na nafanya kazi wodi ya magonjwa ya akili, shifti ya usiku. Sio daktari wala nesi, ni msaidizi, yule anayepita na karatasi kila dakika 15 kuhakikisha kila mgonjwa yupo na anapumua. Hilo neno kichaa likitajwa kwenye TV ya wodini wagonjwa wanakuwa wamekaa pale pale wanaangalia. Nimeshaona mtu kainuka kimya kimya karudi chumbani kwake, sahani kaiacha na chakula chake chote.

Kwa hiyo naandika nikiwa na hasira kidogo, mnisamehe.

Ishu iliyonifanya nikae niandike ni ya mzee mmoja ambaye sitasema zaidi ya hili, kwamba alifiwa na mkewe, akaacha kula, akaacha kulala, siku moja akamwambia binti yake, "Nipeleke hospitali kabla sijafanya kitu." Alikuja kwa miguu yake na kusaini akasaini mwenyewe. Akakaa kama siku kumi, dawa zikaanza kumshika, akaruhusiwa. Siku ya kuondoka binti kaja na koti la baba mkononi, akanivuta pembeni pale kwenye lifti akaniuliza kwa sauti ya chini, "Samahani, na zile bunduki za baba nizifanyeje?"

Nikamuuliza kuna mtu yeyote kaongea na wewe kuhusu hilo? Akasema hakuna. Nikachukua yale makaratasi ya kuruhusiwa nikapitia ukurasa kwa ukurasa. Kuna maelezo ya dawa, kuna asinywe pombe, kuna asiendeshe gari mpaka azoee dawa, kuna tarehe ya kurudi kliniki. Bunduki hakuna hata mstari mmoja, na huyu ni mtu aliyekuja kwa sababu anaogopa kujiua!

Sasa wengi wanadhani ukishalazwa wodi ya akili basi serikali inakuzuia kununua silaha. Sio hivyo. Sheria ya taifa ya mwaka 1968 inamkataza mtu ambaye mahakama au bodi imeamua kwamba hana uwezo wa akili au ni hatari, au aliyelazwa kwa lazima. Aliyekuja mwenyewe kama huyu mzee, sheria hiyo haimgusi kabisa. Akitoka asubuhi anaweza kwenda dukani mchana, akajaza ile fomu namba 4473, akafika kwenye swali la ugonjwa wa akili akajibu hapana, na atakuwa hajadanganya. Muuzaji anapeleka jina kwenye mfumo wa ukaguzi unaosimamiwa na FBI, ule ulioanza kazi 1998, na jibu linarudi safi mara nyingi ndani ya dakika chache. Na akinunua kwa mtu binafsi asiye na leseni ya biashara, sheria ya taifa hailazimishi hata huo ukaguzi, inategemea jimbo uliloko.

Halafu hata wale ambao sheria inawagusa, mfumo unajua kile tu ulichoambiwa. Chuo kikuu cha Virginia Tech, Aprili 2007, walipigwa risasi wakafa watu 32. Yule kijana muuaji mwaka 2005 hakimu alishasema ni hatari kwa nafsi yake na akaamuru atibiwe, ila kwa kuwa ilikuwa matibabu ya kwenda na kurudi nyumbani, jimbo halikupeleka jina lake kwenye mfumo. Akanunua bastola mbili madukani, ukaguzi akapita. Baada ya hapo ikatungwa sheria ya kuyapa majimbo fedha yapeleke rekodi, na ni kweli majina yaliongezeka sana.

Ila kuna kisa cha Lewiston, Maine, kinaniuma kuliko vyote maana huko kuna watu walifanya kazi yao. Julai 2023 yule askari wa akiba aliyekuja kuua watu baadaye alilazwa wodi ya akili kama wiki mbili. Mwezi uliofuata akaenda duka la silaha kuchukua kizuia sauti cha bunduki alichokuwa ameagiza, kwenye fomu akajibu ndiyo, nimewahi kulazwa, na wenye duka wakamkatalia pale pale. Fomu ilifanya kazi na duka lilifanya kazi! Lakini bunduki zake alikuwa nazo tayari, zilikuwa zinamsubiri. Familia ilishatoa taarifa, wenzake jeshini walishatoa taarifa, na Maine ilikuwa na sheria ya kuchukua silaha ila ina mlolongo mrefu, lazima polisi wamshike mtu kwanza, apimwe na mtaalamu wa afya, ndo waende kwa hakimu, na mlolongo huo haukuanzishwa. Oktoba 25 wakafa watu 18. Mi nikisikia mtu anasema dawa ni kuongeza ukaguzi dukani peke yake namkumbuka yule mwenye duka, alikataa na bado.

Na hapa ndo nataka mnisikilize vizuri. Watafiti walishapiga hesabu kwamba hata ungeponya leo hii magonjwa yote makubwa ya akili Marekani, ukatili dhidi ya watu wengine ungepungua kama asilimia 4 tu. Wagonjwa ninaowalinda mimi usiku wana nafasi kubwa zaidi ya kupigwa kuliko kupiga. Lakini geuza upande wa pili wa hesabu. Mwaka 2023 bunduki ziliua watu 46,728 Marekani, na kati yao 27,300 walijiua. Zaidi ya nusu! Hakuna helikopta za TV kwa hao, hakuna rais anayehutubia, wanakufa mmoja mmoja gereji, chumbani, kwenye gari. Kama kweli mnataka kuongelea afya ya akili na bunduki kwenye sentensi moja basi ongeleeni hawa, maana hapa ndo vinapokutana.

Na sio kweli kwamba aliyeamua ameamua. Nimekaa na watu waliojaribu, nimewashika mkono saa tisa usiku, wengi wanasema ile hali ilikuja kama wimbi, dakika kadhaa, saa moja, halafu ikapita. Aliyemeza vidonge mara nyingi anaamka, na wengi walionusurika, kama tisa kati ya kumi, hawafi tena kwa kujiua baadaye. Waliotumia bunduki ndo kinyume chake, karibu tisa kati ya kumi hawaamki. Wimbi lile lile, binadamu yule yule, tofauti ni kitu kilichokuwa karibu na mkono.

Wenye maduka wenyewe wameliona hili. New Hampshire mwaka 2009, ndani ya siku chache, watu watatu wasiojuana walinunua silaha duka moja na kila mmoja akajiua saa chache baadaye. Mwenye duka aliposikia hakujificha nyuma ya sheria, alikaa na watu wa afya wakatengeneza mabango na vipeperushi vya madukani, na maelekezo kwa wauzaji, mteja asiyejua lolote kuhusu silaha, ana haraka, hajali anapewa aina gani, msimamishe, zungumza naye. Mtu wa bunduki, mpenda bunduki, ndiye aliyeanza. Ndo maana sipendi mtu akiniambia kila mwenye duka ni adui.

Kuna jingine linalonipa moyo. Jimbo la Washington mwaka 2018 walipitisha sheria kwamba mtu anaweza kujiandikisha mwenyewe kwenye orodha ya kutouziwa silaha, Virginia na Utah nao wakafuata. Yaani siku ukiwa mzima unaandika jina lako ili siku ukiwa mbaya duka likukatalie, na ukitaka kujitoa unasubiri siku kadhaa. Wengi hawajui hata kama ipo. Mi naona kila wodi ingekuwa na hiyo fomu mezani, hata kwenye majimbo yote 50, maana hapo hakuna wa kusema haki yake imenyang'anywa.

Sheria za bendera nyekundu nazikubali pia, zile ambazo familia au polisi wanaomba hakimu aamuru silaha zichukuliwe kwa muda. Connecticut walianza 1999, na Florida walipitisha 2018 baada ya mauaji ya shule ya Parkland, gavana aliyesaini akiwa wa Republican, chama ambacho kwa kawaida kinatetea bunduki. Kinachonifanya nizikubali ni kwamba zinaangalia mtu anafanya nini sasa hivi, haziangalii jina la ugonjwa alilopewa miaka ishirini iliyopita. Hofu yangu kubwa ni orodha zinazotokana na utambuzi wa daktari. Mtu akijua kumwambia daktari nina sonona kutampeleka kwenye kompyuta ya FBI hatasema, atakaa nazo nyumbani, sonona na bunduki vyote viwili. Ile fomu yenyewe kwa Kiingereza bado inatumia neno la zamani linalomaanisha kama mtu mwenye kasoro ya akili, hebu jifikirie wewe unaulizwa hivyo dukani mbele za watu.

Turudi kwa binti. Nilimwambia ninachojua, kwamba baadhi ya maduka ya silaha na vituo vya polisi vinakubali kuhifadhi kwa muda, apige simu kwanza aulize sheria ya jimbo inasemaje, na amwambie baba waziwazi, asimfiche, asije akamwibia kitu chake. Akasema ataogopa kumwambia. Nikasema basi tutakuwa wote.

Kazi yangu siku ya kuruhusiwa ni kumrudishia mgonjwa mfuko wake. Mtu akiingia tunachukua mkanda, tunachukua hata kamba za viatu. Kwa hiyo pale chini mlangoni, mzee yuko kwenye kiti cha magurudumu, mi nikamkabidhi mwenyewe: mkanda, kamba za viatu zimekunjwa, simu, na rundo la funguo. Binti akaziangalia zile funguo akaniangalia mimi. Halafu akachuchumaa mbele ya baba yake akasema, "Baba, naomba ile ya sefu nikae nayo mimi kwanza."

Mzee alikaa kimya muda mrefu, gari la nyuma likapiga honi. Akaanza kuizungusha ile funguo fupi ya shaba kwenye pete yake, mikono inatetemeka kwa dawa, haitoki. Akanipa mimi nimtolee.