Sukari, bingwa wa kuigiza imajensi

Watu wakisikia unafanya kazi imajensi wanadhani kinachotutoa jasho ni ajali na damu. Hapana jamani, damu unaiona, unajua pa kuanzia. Anayetutesa ni yule anayefika tayari ndugu zake wameshampa ugonjwa wake tangu mlangoni, kalewa huyu, kapata stroku huyu, na wewe umechoka, foleni ndefu, unajikuta unaitikia tu.

Na katika magonjwa yote yanayojifanya mengine, mimi bingwa nampa sukari, iwe imeshuka au imepanda.

Ikishuka chini ya miligramu 70 kwa desilita ya damu (wanaotumia milimoli kwa lita ni 3.9) unatakiwa kushtuka, ikizama chini ya 54 ubongo unaanza kukosa chakula, hapo mtu anaongea ovyo, anapigana na manesi, analowa jasho la baridi, mwingine anadegedega ukasema kifafa, na mwingine anapooza upande mmoja kabisa. Tulishapokea mzee mdomo umeenda upande, mkono wa kulia ukiuinua ukiuachia unaanguka puu kitandani, kila mtu keshasema kiharusi, watu wanakimbizana apelekwe CT, ile picha ya kichwa, maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda mwisho wake ni masaa 4.5 tangu dalili zianze. Nesi mmoja kimya kimya akamtoboa kidole, mashine ikasoma 31. Tukasukuma glukosi gramu 25 mshipani, hata dakika nyingi hazikupita vidole vya ule mkono vikaanza kukamata shuka, afu mzee akauliza viatu vyake viko wapi.

Mlevi je? Huyo ndo wa kupimwa haraka zaidi, maana ini likishughulika na pombe linazembea kutengeneza sukari, sasa kama hajala tangu jana akiba imeisha, inashuka mpaka chini. Harufu ya pombe inakwambia kanywa, basi, haikwambii kwa nini haamki. (Na kichwa chake kiangalie pia, walevi wanaanguka.)

Kaamka, anaongea, ndugu wanataka kuondoka naye. Hapa ndo nakuwaga mbishi. Anakunywa dawa gani? Kama ni glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, na figo zake zimechoka, hiyo dawa bado iko mwilini inaendelea kukamua insulini, glukosi uliyompa itaisha na atazimika tena akiwa amelala nyumbani. Alazwe, ale, apimwe kila mara, hata masaa 24.

Ya kupanda inaigiza kivingine. Anakuja na tumbo linauma na kutapika, madaktari wa upasuaji wanaitwa, au ni mtoto anapumua mbio mbio anaandikiwa nimonia wakati ukisikiliza mapafu ni masafi kabisa. Damu imejaa asidi, mwili unaitoa kwa pumzi ndefu za nguvu, daktari Mjerumani Adolf Kussmaul alizieleza mwaka 1874 na mpaka leo zinabeba jina lake. Sasa watu wakiona mashine imeandika "HI", yaani sukari iko juu kupita inavyoweza kusoma, wanakimbilia insulini, ngoja kwanza! Anza na dripu, mgonjwa kakauka, na potasiamu ijulikane, ikiwa chini ya milimoli 3.5 kwa lita insulini inasubiri mpaka irudishwe, kwa sababu insulini inaisukuma potasiamu ndani ya seli na moyo unaweza kuvurugika mapigo ukiwa umesimama hapo hapo unamwangalia.

Kinachoniudhi zaidi ni hizi dawa mpya za sukari, kundi la akina empagliflozini. Nzuri sana kwa moyo na figo, sikatai, ila anayezitumia anaweza kuwa na asidi ile ile huku mashine inasoma 180 na kila mtu ametulia. Huyo akitapika na kuhema hivyo, usiridhike na kidole, pima ketoni, ndizo hizo asidi zenyewe.