Sanamu ina askari, mpagazi yuko wapi?

Julai 25, Siku ya Mashujaa, ikikaribia, shule nyingi hufanya yale yale: wanafunzi mstarini, mwalimu anasema mashujaa walimwaga damu, kimya dakika moja, kengele. Kesho yake waulize Darasa la Sita wamemkumbuka nani. Watakujibu "wanajeshi", basi. Hawakupewa mtu wa kumkumbuka.

Anza na mzigo, bunduki itafuata. Vita Kuu ya 1914–1918 huku kwetu ilipiganwa porini, ambako mbung'o waliwamaliza farasi na nyumbu, hivyo unga na risasi vilisafiri vichwani mwa watu. Mpagazi alibeba karibu kilo 25. Jaza maji dumu la lita 20 na jingine la lita 5, yafunge pamoja, yaweke mbele ya darasa. Wanyanyue wawili wawili, sentimita chache tu kutoka sakafuni. Asijitwishe mtu, shingo ya mtoto si ya kujaribia. Kisha uliza: ungefika nao wapi? Kwa siku ngapi? Ukiwa umekula nini?

Hilo la mwisho ndilo zito. Wapagazi wengi waliuawa na kuhara damu, malaria na nimonia kuliko risasi. Watu waliozoea ndizi walipewa mahindi, mara nyingi bila muda wala kuni za kuyaivisha. Koroga kijiko cha unga wa dona katika maji baridi, kipitishe kikombe darasani waone na kunusa. Wasionje.

Kipindi cha pili, leta picha ya Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, pale Samora na Azikiwe, iliyozinduliwa 1927. Maandishi yake, kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Tazama juu sasa: askari mmoja na singe yake. Weka pembeni picha ya mnara wa Nairobi, wenye watu watatu, mpagazi akiwemo. Usiseme neno, watagundua wenyewe. Ukiwapeleka Dar, nenda Jumapili asubuhi na mapema, kumi kumi kwa kila mwalimu, maana sanamu iko katikati ya mzunguko wa magari. Na jina Kariakoo limetoka hapo hapo: ilikuwa kambi ya wapagazi wa Mwingereza, "Carrier Corps".

Kosa la kawaida ni kuwaambia watoto wabuni majina ya marehemu wayasome mstarini. Inapendeza, lakini inaficha hasara yenyewe. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Acha karatasi za majina ziwe tupu.

Mtoto mmoja atauliza kama aliyekamatwa kwa nguvu naye ni shujaa, kwa sababu Mjerumani na Mwingereza wote walikamata watu. Usimjibu haraka. Toa dakika kumi wabishane. Darasani kukiwa na waliokimbia vita Burundi au Kongo, asilazimishwe mtu kusimulia ya kwao. Mwambie faragha, kabla ya kipindi, kwamba anaweza kusikiliza tu.

Siku yenyewe, waeleze kwamba kwenye Mnara wa Mashujaa huwekwa ngao na mkuki, sime, upinde na mshale, shoka na shada la maua. Mpagazi angewekewa nini? Ngata, ile pete ya kitambaa au majani inayowekwa kichwani chini ya mzigo. Watoto wa kuteka maji wanaijua kuliko mwalimu. Kitambaa cha kitenge cha mita moja kinatosha: kisokote, kizungushe mara mbili, shimo liwe la vidole vinne, ncha uipenyeze ndani. Majani makavu ya mgomba nayo yanafaa, ila yanyunyizie maji nusu saa kabla, la sivyo yatakatika. Yakilowa sana, ngata inafumuka. Ziwekwe chini ya mlingoti wa bendera, moja kila darasa. Kimya kiwe sekunde thelathini kwa wadogo, kwani dakika nzima huishia kucheka. Wakati huo madumu yawe yamesimama pale pale, yamejaa.